Makangaga Makubwa ya Bustani: Namna ya Kuyakuza na Kuyazidisha Rwekubo na Mbarara

Mtu aliyelelewa katika milima ya Kivu, au Kigezi, au kwenye mabonde ya Rwenzori, hana haja ya kuelezwa kangaga ni nini, kwa kuwa tangu utotoni amelikuta likijiotea lenyewe kwenye kingo za njia, penye mawe ya vijito na juu ya magogo yaliyooza, pasipo mkono wa binadamu kulipanda wala kulinywesha. Lakini mtu huyohuyo akihamia Rwekubo, au katika makazi ya Nakivale ambayo tangu mwaka 1958 yamekuwa yakipokea wakimbizi, kwanza wa Rwanda na baadaye wa Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, akalipanda kangaga mbele ya nyumba yake vile lilivyokuwa likiota kwao, aghalabu hulikuta limenyauka kabla ya mwezi wa Agosti kwisha. Mlimani kangaga lilipewa bure kivuli, hewa yenye umande na udongo wa majani yaliyooza, ilhali Isingiro, wilaya zilimo Rwekubo na Nakivale, ni nchi ya nyasi na ng'ombe, yenye jua kali na misimu miwili ya kiangazi kila mwaka. Na kila kitu ambacho mlima ulikitoa bure, huku hakina budi kutolewa kwa mkono. Mwenye kulifahamu jambo hili moja, akalishika katika kila hatua, ataweza kuotesha kwake makangaga yenye majani yanayopita urefu wa mtu. Na asiyelifahamu atamwaga maji mengi asivune ila majani makavu.

Yafaa kwanza kuijua tabia ya mmea wenyewe. Kangaga halitoi ua, wala tunda, wala mbegu, bali huzaliana kwa vumbi jembamba mno liitwalo spora, ambalo hukaa katika vidoa vya rangi ya kahawia mgongoni mwa jani. Mizizi yake ni myembamba nayo haishuki mbali, kwa hiyo udongo wa juu ukikauka mmea hauna pengine pa kutafuta maji. Na jani lake jipya huchomoza likiwa limejikunja, kisha hujikunjua polepole kwa siku nyingi; katika siku hizo likipigwa na upepo mkavu, au likishikwashikwa na watoto, hubaki na kilema mpaka mwisho wa umri wake, maana jani la kangaga halijirekebishi. Ndiyo sababu nasema kwamba hewa inayolizunguka ina haki ya kutazamwa kabla ya udongo.

Anza basi kwa kuchagua mahali, wala usikimbilie uwanja wa mbele kwa kuwa ndipo wageni wanapopita. Uwanja uliofagiwa safi hurudisha joto la jua juu kwa nguvu, na bati la ukuta au la paa huongeza mwako wake, hata majani huungua upande wa chini ambao mtu hautazamii. Mahali palipo bora kuliko pote katika nchi hii ni ukingo wa shamba la migomba lililotunzwa, na kwa bahati njema Isingiro ni wilaya inayosifika Uganda nzima kwa ndizi za kupika. Majani ya migomba hupitisha mwanga wa vipande vipande, huzuia upepo, na huitunza hewa ya chini katika unyevu ambao hutaupata kwa kunyunyiza maji mchana kutwa. Panda umbali wa mita 1 au zaidi kutoka mgomba, upande unaoelekea nyumba, ili uyaone makangaga yako ukiwa umeketi barazani. Mwembe na mparachichi pia hutoa kivuli chema. Mkalitusi, kinyume chake, usiutegemee kamwe, maana huinyonya ardhi mpaka ikawa kama majivu, na chini yake hata nyasi hupata taabu.

Asiye na mti aitazame nyumba yake. Sisi tuko karibu sana na mstari wa ikweta, upande wa kusini yake kidogo, na kwa hiyo katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo ndiyo kiangazi kirefu, jua hupita upande wa kaskazini wa anga, na ukuta wa kusini hukaa kivulini takriban siku nzima. Ukuta huo wa kusini ndio wa makangaga. Ukuta wa mashariki wafaa pia, kwa kuwa jua la asubuhi ni la upole. Ama ukuta wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, upandie maboga.

Udongo hauna siri kubwa. Chimba shimo lenye upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 40, ulijaze mchanganyiko wa mafungu mawili ya majani yaliyooza kabisa na fungu moja la udongo mweusi wa juu, na ukiwa na samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi mingi mpaka imepoteza harufu, tia kiasi kidogo, isizidi nusu ya fungu. Vipande vidogo vya makaa vilivyobaki chini ya gunia, vikioshwa, huufanya udongo upitishe maji usioze. Mambo mawili huwaponza wengi, na yote mawili hutokana na nia njema. La kwanza ni majivu ya jikoni, ambayo ni mazuri kwa mboga nyingi lakini kwa makangaga mengi ni chumvi na ukali yasiouhitaji. La pili ni udongo wa kichuguu, ambao ni hodari kwa kujengea nyumba, na kwa sababu iyo hiyo ukikauka hugandamana na kuibana mizizi. Ukishapanda, funika ardhi yote kwa nyasi kavu au majani makavu ya migomba, lakini moyo wa mmea, pale majani mapya yanapochomoza, uache wazi.

Nalo suala la maji si la kilimo pekee, ni la adabu pia. Katika makazi ambamo watu hupanga madumu yao bombani na kungojea zamu, haipendezi mtu amwage maji safi kwenye pambo la bustani ilhali jirani hana ya kupikia. Na kwa kweli hakuna haja, kwa kuwa maji yaliyooshea mchele, mboga na viazi yanatosha kabisa, nayo yana rutuba kidogo. Maji ya sabuni usitie. Maji ya mvua yanayokingwa kutoka mabati ni bora kuliko yote, na pipa lililowekwa chini ya mfereji wa paa lina faida ya pili, kwamba pembezoni mwake ardhi haikauki upesi, na hapo kangaga moja kubwa litastawi kuliko matatu yaliyopandwa mbali. Nywesha jioni au alfajiri, polepole, kwenye ardhi na si moyoni mwa mmea. Wala usipande makangaga mengi kuliko yale ambayo maji ya jikoni mwako yanaweza kuyalisha mwezi wa Julai. Mwezi huo ndio mizani ya bustani yako, si mwezi wa Novemba ambao kila kitu ni kijani.

Sasa tuangalie ni makangaga gani. La kuanzia kwa kila mtu ni lile la jamii ya Nephrolepis, ambalo wengi wetu tumeliona katika vyungu milangoni mwa hoteli na makanisa, majani yake marefu yakining'inia pande zote. Ndani ya jamii hiyo yako ya namna mbalimbali, nayo hayalingani. Nephrolepis biserrata, ambalo ni la Afrika hii yetu, ndilo kubwa, na penye unyevu jani lake hupita mita 1 kwa urahisi. Nephrolepis cordifolia ni dogo kuliko hilo, lakini chini ya ardhi huwa na vinundu vya mviringo vinavyoweka akiba ya maji, na kwa hivyo hustahimili kiangazi cha Isingiro kuliko ndugu zake; lipewe mipaka tu, maana husambaa na kuteka kitalu kizima. Na lile la vyungu, liitwalo kwa jina la mji wa Boston, lilitambuliwa Marekani mwaka 1894 katika shehena ya makangaga iliyopelekwa mji huo, na kwa kuwa spora zake ni tasa, yote yaliyoenea duniani yametokana na kugawanywa kwa mkono, shina kutoka shina.

La pili, ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa nchi kavu, ni Platycerium elephantotis, kangaga la mitini lenye majani mapana yasiyochanika, mfano wa masikio ya tembo, linaloota katika misitu ya Uganda likiwa limeshika magome ya miti. Hili lina majani ya aina mbili: yale ya nyuma yanayosimama wima na kukumbatia mti, ambayo hukusanya majani yaliyoanguka na maji ya mvua, na yale yanayoning'inia mbele yenye spora. Ya nyuma yakikauka na kuwa ya kahawia, mtu asiyejua huyang'oa akidhani anasafisha, kumbe amelinyang'anya kangaga ghala lake la chakula na maji. Yaache. Lifunge kwa kamba laini juu ya ubao au shina la mparachichi, kwa kuweka nyuma yake mafundo ya nyuzi za mgomba na majani yaliyooza, na kiangazi ulimwagie mara moja au mbili kwa juma. Kwa kuwa maumbile yake yamezoea kukaa bila maji kitambo, mwenye nyumba ndogo asiye na kitalu chochote anaweza kulikuza ukutani pa baraza.

La tatu ni Marattia fraxinea, ambalo wataalamu wa siku hizi huliita Ptisana, kangaga la kando ya vijito vya misituni lenye majani makubwa ajabu, yanayopita mita 2, na mabua manene yenye utomvu. Huyu ni mfalme, na ana madai ya kifalme: hakubali kukauka hata siku moja. Mjini Mbarara, kwa mwenye bomba na bustani yenye miti mikubwa, huweza kukuzwa kwa uangalifu; Nakivale, nasema wazi, si mahali pake.

La nne ni kangaga-mti, ambalo kwetu hasa ni Cyathea manniana wa misitu ya Bwindi na Rwenzori, mwenye shina refu lenye miiba mikali na taji la majani juu. Uzuri wake hauna mfano, nao ndio uliolipatia taabu, kama nitakavyoeleza.

Nikija kwenye kuzidisha, nitaanza na lililo jepesi. Nephrolepis hutoa kamba nyembamba zinazotambaa juu ya ardhi, na kila kamba inapogusa udongo wenye unyevu huzaa mche. Mwanzoni mwa mvua, yaani Machi au Septemba mvua zikishashika, ilaze kamba ndani ya mkebe uliotobolewa chini na kujazwa udongo wa majani, uikandamize kwa jiwe dogo, na usiikate kwa mama yake mpaka mche uwe na majani matatu au manne. Fungu lililozeeka waweza pia kulichimbua lote na kulikata kwa kisu kikali katika vipande, kila kipande kikiwa na mizizi yake na moyo wake. Punguza majani nusu, ili mizizi iliyojeruhiwa isibebeshwe mzigo wa kuyanywesha yote, kisha viweke penye kivuli kizito majuma mawili. Kazi hii usiifanye kiangazi asilani.

Platycerium huzaa watoto kando ya mama, kutoka kwenye mizizi yake. Mtoto akishakuwa na upana wa kiganja na akawa na jani lake mwenyewe la nyuma, mkate kwa kisu pamoja na mafundo ya mizizi iliyo nyuma yake, umfunge kwenye ubao wake. Marattia nalo lina ajabu yake: penye kitako cha kila bua pana masikio mawili manene ya nyama, na sikio hilo likibanduliwa kwa uangalifu, likaoshwa, likazikwa nusu yake katika mchanga safi wenye unyevu chini ya kifuniko cha plastiki, baada ya miezi kadhaa hutoa chipukizi. Mama haumii, maadamu umechukua kutoka mabua ya zamani tu.

Kangaga-mti ndilo lisilo na njia hizi. Shina lake ni moja, moyo wake ni mmoja, halitoi watoto. Na hapa sina budi kuonya juu ya kosa lililoletwa na vitabu vya nchi za mbali. Huko Australia kuna kangaga-mti liitwalo Dicksonia antarctica, ambalo shina lake likikatwa na kupandwa upya huotesha mizizi na kuendelea kuishi, na watu wanaosoma habari hiyo hudhani kila kangaga-mti huwa hivyo. Cyathea wetu hakatwi. Akikatwa hukaa kijani muda mfupi kwa maji yaliyobaki shinani, mnunuzi akafurahi, kisha hufa. Njia ya kumzidisha ni spora, nayo ndiyo njia ninayotaka kuieleza kwa utulivu, kwa kuwa wengi huiogopa bure.

Vumbi la kangaga lilidhaniwa zamani kuwa ni la miujiza, hata mwaka 1794 yalipochapishwa maelezo ya tabibu mmoja aliyekaa Jamaika, John Lindsay, aliyeonyesha namna mimea inavyoota kutoka vumbi hilo. Na mwaka 1829 tabibu mwingine, Nathaniel Ward wa London, aliona kangaga likichipua lenyewe ndani ya chupa iliyofunikwa, mahali ambapo hewa haikauki. Na jambo hilo la chupa ndilo tutakalolitumia, pamoja na tofali la kuchoma, ambalo katika wilaya yetu halikosekani.

Tafuta jani lililokomaa ambalo vidoa vyake vya mgongoni vimegeuka kahawia lakini havijapasuka vyote. Kipande kama kiganja chatosha, kwa kuwa kina spora maelfu kwa maelfu. Kitie ndani ya karatasi nyeupe safi iliyokunjwa kama bahasha, ukiweke mahali pakavu pasipo upepo siku mbili au tatu, na ukifungua utakuta vumbi limeanguka. Inamisha karatasi na kuigonga taratibu, maganda yateremke kwanza, vumbi lililo laini libaki. Lipande mapema, kwa kuwa spora za kangaga-mti hupoteza nguvu zikikaa.

Chukua tofali jipya la kuchoma lisilo na saruji, au nusu yake, ulichemshe katika sufuria nusu saa, ili vijimea vya ukungu na vya kuvu vilivyomo vife, maana hivyo ndivyo adui wa kwanza wa kazi hii. Likipoa, lisimamishe katika bakuli lenye maji ya mvua yaliyochemshwa, yafike theluthi ya kimo chake. Tofali litayavuta maji yenyewe mpaka juu. Nyunyiza vumbi juu yake kwa ncha ya karatasi, haba sana, kisha funika kwa chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa kitako au kwa nailoni inayoonyesha. Weka karibu na dirisha, penye mwanga usio wa jua moja kwa moja. Usilifungie sandukuni, kwa kuwa gizani spora nyingi hazioti. Maji yakipungua bakulini, ongeza yaliyochemshwa na kupoa.

Baada ya majuma mawili hadi sita uso wa tofali utafanya utando wa kijani, na miezi ikipita utando huo utakuwa vijani bapa vyenye umbo la moyo, kila kimoja hakifikii upana wa sentimita 1. Hapa ndipo watu wengi huvitupa, wakidhani ni ukungu wa ukutani, kumbe hicho ndicho kizazi cha kati cha kangaga: katika kijani hicho zimo mbegu za kiume na yai la kike, na ile ya kiume haiwezi kulifikia yai ila kwa kuogelea katika tone la maji. Kwa hiyo, vijani vikishaonekana, vinyunyizie maji yaliyochemshwa na kupoa, laini kama umande, mara moja au mbili kwa juma. Kisha, baada ya miezi mitatu hadi sita tangu kupanda, na pengine zaidi, utaona jani dogo mno likisimama kutoka chini ya moyo, na hilo ndilo kangaga lako. Likiwa na majani matatu, lihamishe kwa ncha ya kijiti, pamoja na wenzake wachache bila kuwatenganisha kwa nguvu, katika mkebe wa udongo wa majani uliomwagiwa maji yanayochemka na kupozwa, ulifunike tena, na kila juma ufungue kifuniko kidogo zaidi ili lizoee hewa ya nje. Mwaka wa pili, mvua za Septemba zikishika, lipande ardhini. Shina la kangaga-mti huanza kuonekana baada ya miaka kadhaa, na katika miaka hiyo majani yake peke yake yanatosha kuwa pambo.

Mwenye kukuza makangaga hatakosa siku moja kushtuka kwa kuona vidoa vya kahawia chini ya majani na kutaka kuyapiga dawa. Atazame mpangilio wake: vikiwa vimejipanga kwa nidhamu katika mistari, ni spora, vikiwa ovyoovyo juu ya bua na jani, vikibanduka kwa ukucha na kuacha utelezi wa kunata, ni wadudu wa magamba, na waondolewe kwa kitambaa chenye maji. Mafuta ya taa na dawa za kahawa huchoma majani kuliko wadudu wenyewe. Jambo jingine, na ni la usalama: kangaga la vilimani liitwalo Pteridium aquilinum, linalosambaa penye mashamba yaliyoachwa, ni sumu kwa ng'ombe, na katika nchi hii yenye mifugo usilipande wala usilitupe zizini.

Ama pa kupata mmea wa kwanza, omba kwa jirani au nunua kwa muuza miche aliyeuotesha mwenyewe. Usichimbe katika ardhi oevu ya ziwa Nakivale, ambayo pamoja na ziwa Mburo imo tangu mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia, wala katika msitu wa Kalinzu, wala Bwindi, msitu wenye makangaga ya namna zaidi ya 100 ambao tangu mwaka 1994 ni urithi wa dunia. Jamii ya Cyathea imewekwa chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vinavyohofiwa kupungua. Basi akija mtu mlangoni pako, Mbarara au Rwekubo, na shina la kangaga-mti lililokatwa, lenye majani mabichi na bei ya kuvutia, usilinunue: limekwisha kufa, na mahali lilipotoka hapatakuwa na jingine la kimo hicho kwa miaka mingi.